Barua kwa mwanangu: pesa za kupunguza mwili unazo tayari

Mwanangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Huku Majengo sisi wazima, babako anakusalimu na kifua chake kimetulia. Ujumbe wako wa sauti niliusikiza nikiwa nakanda unga, nikaurudia nilipomaliza, kwa sababu kuna mahali ulikuwa unalia na maneno hayakutoka vizuri. Sasa nimekuelewa. Umepima, mzani umesema kilo 82, nguo ulizoshona Idi iliyopita hazifungi, na mwenzako wa kazini amekuletea unga wa kukoroga na chai ya kukata tumbo, jumla shilingi elfu sita. Waniuliza kama naweza kukutilia nusu kwa M-Pesa.

Sitakutilia. Usikasirike kwanza, soma mpaka mwisho ndipo ukasirike. Nimeamua kukuandikia kwa kuwa kwenye simu utanikata, nakujua, na haya ninayotaka kusema ni marefu.

Tuanze na hiyo chai. Ile picha ya paketi uliyonitumia niliikuza nikasoma vilivyomo, na cha kwanza ni sanamaki. Sanamaki waijua, ni yale majani makavu nyanyako akiwachemshia mkifunga choo, na wauza dawa za miti wanakufungia kwa karatasi kwa shilingi chache. Kazi yake ni kuendesha. Inaamsha utumbo mkubwa, yanatoka maji na choo, asubuhi mzani umeshuka kilo moja, jioni ukishakunywa maji kilo imerudi. Mafuta ya mwilini hayajaguswa hata kidogo, maana chakula kinakuwa kimeshafyonzwa kwenye utumbo mwembamba kabla ya kufika huko sanamaki inakofanya kazi. Na mtu akiifanya mazoea utumbo unazoea uvivu, haendi choo mpaka anywe, na mwili unapoteza potasiamu, madini ambayo moyo unayataka ili upige sawasawa. Huko ni kununua kuhara kwa pesa za kodi ya nyumba.

Ule unga nao ni maziwa ya unga, soya na ladha ya vanila. Si sumu. Lakini protini iliyomo utaipata kwenye pojo, zile wengine waziitazo choroko au ndengu, kwa bei ya chini sana, tena pojo zatafunwa, na mtu akitafuna hushiba.

Mimi nauza mahamri, kwa hivyo nitakwambia jambo ambalo muuza mahamri hamwambii mteja wake. Alfajiri naweka mafuta karaini mpaka nusu. Kufika saa mbili na nusu yamepungua, naongeza. Nikizima jiko yamepungua tena. Mafuta yale hayakupaa na moshi wala sikuyamwaga. Yameondoka kwa miguu, ndani ya matumbo ya watu, kila mtu na mahamri yake matatu manne. Siku ambayo mafuta hayajapata moto vizuri ndiyo mbaya zaidi, kwa sababu hamri haliumuki upesi, linakaa karaini likinywa tu. Liweke juu ya gazeti uone doa linavyotanuka mpaka habari za michezo zisomeke upande wa pili. Na hapo sijataja sukari na tui nililokandia.

Pale kliniki ya presha ninakokwenda, mtaalamu wa lishe alitueleza hesabu moja ambayo imenikaa kichwani kuliko majina ya vidonge vyangu. Gramu moja ya mafuta, yawe ya kupikia ya dukani, ya nazi au samli, ina kalori 9. Gramu moja ya wanga au ya protini ina 4. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni karibu kalori 120. Anayekaanga kitunguu kwa vijiko vinne, kama tunavyokaanga sote, ameshatia kalori 480 sufuriani na nyanya bado hajaikata. Nyumbani kwetu sufuria hiyo hula watu sita. Kwako wewe mpishi ni wewe na mlaji ni wewe.

Sukari ndiyo ndugu yake. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nguvu anazokula mtu kwa siku, na ikishuka chini ya asilimia 5 ni bora zaidi, yaani kama gramu 25, vijiko vidogo sita. Soda yako ya nusu lita ina kama gramu 50 peke yake. Bado chai ya asubuhi, bado chai ya saa kumi, na wewe chai bila vijiko vitatu waiona kama maji ya kuoshea vikombe.

Sasa hesabu ya shilingi, na hii ndiyo nilitaka uisome ukiwa umekaa. Ulivyonitajia unavyokula kutwa, niliandika. Asubuhi kwa yule mama wa karibu na stendi, mahamri matatu 30, mbaazi 30, chai ya maziwa 20. Saa nne smoki, ile soseji ya mkokoteni, 40 na soda 60. Mchana chipsi 120. Ukishuka matatu jioni, viazi karai vya 50, kwa kuwa harufu imekuita. Jumla 350. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 9,100, na chakula cha usiku sijakihesabu. Kodi ya chumba chako haifiki hapo! Halafu waniambia ati huna pesa ya kula vizuri.

Mwanangu, kinachokunenepesha ndicho kinachokumalizia mshahara. Ni kitu kimoja. Ndiyo maana sitatoa shilingi hata moja ya paketi, maana pesa za kupunguza mwili unazo, zinapitia mkononi mwako kila siku zikienda kwenye karai la mtu. Mojawapo, nakiri, ni karai kama langu.

Najua utaniambia kwamba kwenye simu wanasema ule shayiri ya kopo, brokoli, mafuta ya zeituni na samaki wa pinki. Hao wanakula vya kwao. Wewe uko dakika chache kutoka Kongowea, soko ambalo lori za mboga na matunda zinashusha usiku kucha, na watu wa Mombasa nzima wananunua huko kisha wanakuuzia wewe mtaani kwa bei ya juu. Nenda Jumapili asubuhi na kikapu. Ukichelewa nenda jioni, wakati wauzaji wanataka kurudi makwao na mafungu ya mchicha yanauzwa mawili kwa bei ya moja. Nyanya zilizoiva sana zisikutishe kama ni za kupika siku hiyo hiyo. Na usinunue kwa macho, nunua kwa orodha. Ukienda na njaa utarudi na mkate wa sinia.

Nikikuandikia orodha yako ingekuwa hivi: pojo nusu kilo, kunde kavu nusu kilo, dagaa wa kupima, mayai ya wiki, vitunguu, nyanya, kitunguu thomu, tangawizi, ndimu za kutosha, mchicha au mnavu au matembele, chochote cha majani kilicho rahisi siku hiyo. Kisamvu sawa pia, lakini kitwangwe na kichemshwe kwelikweli, kisamvu si mboga ya haraka. Tunda ni la msimu tu. Embe zikijaa, zile ngowe na dodo za kuanzia Novemba, kula embe. Zikiisha kuna papai, mapera, machungwa, ndizi. Kula tunda lenyewe. Juisi ya embe yenye sukari ni soda iliyovaa buibui.

Protini ndiyo itakayokushikilia tumbo, na watu wa mlo wa kubana matumizi hapo ndipo wanapokosea, wanakata mboga na kitoweo wanaacha lundo la sima. Pojo kavu gramu 100 zina karibu gramu 24 za protini, na nyuzinyuzi nyingi. Yai moja lina kama gramu 6. Kwa hivyo yule kijana wa smoki usimkimbie. Mkokoteni wake una mayai ya kuchemsha pia, anakupasulia, anakujazia kachumbari na pilipili. Chukua mayai mawili, acha smoki, acha soda, beba chupa yako ya maji. Bei inakaribiana, na utafika mchana hujamtazama mtu wa chipsi kwa matamanio.

Pojo nakueleza kwa mpangilio kwa sababu hazihitaji kulowekwa na huna jiko la kuchezea. Chagua kikombe kimoja, osha, chemsha kwa maji mpaka zipasuke, kama nusu saa hivi. Usitie chumvi mwanzo. Kando, sufuria ndogo, kijiko kimoja cha mafuta, kimoja cha kupima, si cha kukisia. Kitunguu kilainike, kitunguu thomu, nyanya mbili, bizari nyembamba kidogo, funika moto mdogo nyanya zitoe maji yake zenyewe. Ukiona zinashika, nyunyiza maji, usiongeze mafuta. Mimina pojo, ziache zichangamane, mwisho kata mchicha utupie, geuza mara moja na uzime. Kamulia ndimu. Ndimu inafanya kazi ya chumvi nusu, na chumvi nayo tunaambiwa isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kidogo kimoja. Wewe una babu, nyanya na mama wa presha, usijifanye hujui.

Dagaa nao wakaushe kwenye sufuria bila mafuta mpaka wanukie, uwaoshe kwa maji moto, uwapike na nyanya na vipande vya embe mbichi. Chumba kitanuka, ndiyo. Fungua dirisha. Samaki mbichi nunua kipindi cha kaskazi, kuanzia Novemba hadi Machi, wavuvi wanapotoka kwa wingi na bei inashuka. Wakati wa kusi bahari ni chafu, samaki ni wa wenye pesa. Ng'onda na papa wakavu usiwafanye mboga ya kila siku, chumvi yake ni nyingi.

Friji huna, nalijua hilo, na joto la Mombasa halina subira na chakula. Pika cha usiku kikufae na mchana wa kesho, basi. Kabla ya kulala kichemshe tena kifunike, asubuhi kichemshe tena ndipo ukitie kwenye mkebe wa kazini. Chakula chenye nazi usijaribu kukilaza. Kunde na maharagwe loweka usiku, mwaga maji yale, yataiva upesi na gesi yako ya mtungi mdogo itafika mwisho wa mwezi.

Tumefika kwenye nazi. Nilikuwa naiogopa sehemu hii.

Sikwambii uache nazi. Mtu wa pwani akiacha nazi si mtu wa pwani, na mimi sitaki kuulizwa siku ya kiyama. Lakini mafuta ya nazi, sehemu kubwa ni yale yanayoganda, yale ambayo watu wa moyo wanatukataza, na sisi tunayatia kila mahali kwa wakati mmoja: wali wa nazi, mbaazi za nazi, samaki wa kupaka, na baadaye kaimati. Kanuni yangu ni moja, sahani moja isiwe na nazi mbili. Ukipika mbaazi za nazi, wali uwe mweupe. Ukipika wali wa nazi, kitoweo kiwe cha ndimu na nyanya. Tena kwa mtu mmoja nusu ya nazi yatosha, tui la kwanza liweke kikombe nusu tu, la pili ndilo la kuchemshia. Mbuzi yangu ya kukunia ile ya zamani ipo, ukiitaka njoo uichukue, zile za unga wa paketi zinakufanya usione unatia kiasi gani.

Wali na sima vilevile havina hatia yoyote, hatia ni mlima. Tumia sahani, usile kwenye sufuria ukiwa umesimama. Nusu ya sahani mboga za majani na kachumbari, robo kitoweo, robo wali au sima. Sima tafuta unga uliosagwa mashine ya mtaani usiokobolewa, unashibisha zaidi. Angalia tu mahindi yawe makavu, yasiwe na ukungu, maana ukungu ule una sumu isiyoondoka kwa kupika. Muhogo, viazi vitamu, ndizi mbichi, vyote kula, ila vya kuchemsha. Muhogo ule wa kando ya bahari pale Mama Ngina, wa kukaangwa na pilipili na ndimu, ule wa kuketi ukitazama meli zinaingia bandarini, ule ni wa Jumapili na mgao wenu uwe wa watu wawili.

Chai. Utaanza na vijiko viwili badala ya vitatu, wiki ya pili kimoja na nusu, mpaka ulimi unyamaze. Usikate siku moja, utarudi kwa hasira. Chai ya rangi yenye iliki, tangawizi na mdalasini inakubali sukari kidogo kuliko chai ya maziwa, hilo nimelijaribu. Dafu kunywa, sukari yake ni kidogo kuliko ya soda. Juisi ya miwa, haya, mara moja moja, nami naipenda.

Mafuta unanunua ya kupima, na kosa la mafuta ya kupima ni kwamba yakija kwenye kichupa cha shilingi thelathini mtu anayamimina yote siku hiyo. Weka chupa moja na kijiko kimoja cha kudumu. Vijiko viwili kwa siku, chakula chote. Ukiona mwezi umeisha na chupa haijaisha, hapo ndipo mwili unapopungua, kabla hata mzani haujasema.

Usijinyime ukalala na njaa. Nakuonya kwa hilo kwa sababu nakujua ukiamua kitu. Utakula tunda moja siku tatu, ya nne utaamka usiku ukamalize mkate mzima. Kula asubuhi, kula mchana, kula usiku. Kinachoondoka ni vya katikati. Asubuhi uji wa wimbi usiotiwa sukari, wenye ndimu au ukwaju, na yai. Au muhogo wa kuchemsha na chai. Na ukinitamani mimi na mahamri yangu, njoo Jumamosi, nitakupa moja na mbaazi bakuli, utakula ukiwa umekaa, na sitakupa la kubeba.

Mfungo wa Jumatatu na Alhamisi ni sunna nzuri, na najua mashoga zako wanaufanya kwa ajili ya mwili. Lakini nimeona kila Ramadhani watu wa mji huu wanafunga mwezi mzima wakatoka wamewanda. Ni futari: viazi, sambusa, tambi za sukari, kaimati, mhogo wa nazi, juisi jagi zima, na bado daku. Mtume, rehema na amani zimshukie, alituusia thuluthi ya tumbo iwe ya chakula, thuluthi ya maji, thuluthi ya pumzi. Sisi pumzi tumeinyang'anya sehemu yake. Fungua kwa tende na maji, swali, kisha rudi kwenye chakula. Tumbo linakuwa limeshapata habari.

Harusi utakwenda, pilau utakula, sinia mtalizunguka watu watano na hakuna atakayekupimia. Sawa. Kula upande wako wa sinia na ushibe, hakuna aliyenenepa kwa harusi moja. Kinachonenepesha ni ile ya kubeba, ya kula kesho na kesho kutwa. Mifuko ya plastiki serikali imepiga marufuku tangu 2017, kwa hivyo una udhuru, sema huna cha kubebea.

Kuhusu urefu wa safari: kwa kimo chako cha mita 1.60, kilo 82 unazigawa kwa 1.60 mara 1.60, unapata 32, ile namba ya uzito kwa kimo wanayoiita BMI. Kuanzia 25 ni uzito uliozidi, kuanzia 30 ndiyo unene wenyewe wa kuhesabiwa ugonjwa. Nimekuandikia namba ili usidanganywe na mtu, si kukutisha. Lakini huhitaji kurudi kilo zako za shule. Mtu akipunguza asilimia 5 hadi 10 ya uzito wake, presha na sukari huanza kusikia. Kwako ni kilo 4 hadi 8. Nusu kilo kwa wiki ni mwendo mzuri, kilo moja ni mwisho. Anayekuahidi kumi kwa mwezi anakuuzia kitu.

Usipime kila siku, maji na hedhi vitakuchezea akili. Pima wiki mara moja, siku ile ile, kabla ya kula, kwa mzani ule ule, hata ule wa yule mzee wa kando ya barabara. Na chukua utepe wa fundi cherehani ujipime kiuno, juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta tumbo. Kwa wanawake, kuanzia sentimita 80 hatari ya maradhi inapanda, na kuanzia 88 imepanda sana. Utepe unaweza kukupa habari njema wiki ambayo mzani umenuna. Na kabla ya yote nenda zahanati wakupime sukari na presha. Shangazi yako alijua ana sukari kidonda kilipokataa kupona, na kabla ya hapo alikuwa akituambia ni uchovu tu.

Kutembea sina mengi. Shuka stendi moja kabla, nauli itabaki na miguu itafanya kazi. Wanasema dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kukupandisha pumzi, ni nusu saa kwa siku tano, tena wakati wa magharibi jua limepoa. Usitembee peke yako njia yenye giza. Jim ya kulipia acha kwanza.

Kitu kingine ambacho hakuna paketi itakuandikia: watu watasema. Ukishuka kilo tano tu, huku mtaani wataanza. Umekonda, una nini? Mbona uso umeingia? Umeachwa? Wengine watakuletea sahani ya biriani kwa huruma. Sisi watu wa pwani tunapenda mwanamke mwenye mwili, na tunauita mwili kana kwamba wengine hawana. Wewe jibu alhamdulillahi, mzima, na uwaulize habari za watoto wao. Hata mimi huenda nikasema. Nikisema, nionyeshe barua hii.

Anza na jambo moja tu wiki hii, usibadilishe vyote. Ziache soda na viazi karai vya jioni. Zile 110 za kila siku zitie kwenye mkebe, Jumamosi uhesabu. Ndizo utakazokwenda nazo Kongowea. Ukimaliza hesabu nitumie picha ya kikapu, si ya paketi.

Nimempa mtoto wa jirani, yule anayekuja Kisauni kesho kwa shughuli zake, kifurushi chako. Kuna pojo kilo moja nilizochagua mwenyewe, hazina mawe, kuna dagaa, kuna ndimu za mti wa babako, na kijiko kikubwa cha kupimia mafuta kwa kuwa najua huna. Dagaa wamo kwenye mkebe wangu wa bluu. Mkebe huo naudai, ulirudi bila kifuniko mara ya mwisho.

Nakuombea.

Wassalaam,
Mamako